Kichwa cha treni kutoka rundo la skrapa Kisenyi

Nyundo ilikuwa imeshainuliwa nilipomwambia kijana asubiri kidogo. Tulikuwa Kisenyi, Kampala, kwenye uwanja wa vyuma chakavu ninakokwenda kila mara kutafuta waya wa kusukia mota. Juu ya jiwe lake kulikuwa na kichwa cha treni kidogo, urefu wake kama penseli mpya, kimepakwa rangi ya buluu ya kupakia milango, kina magurudumu manane makubwa na mengine madogo mbele na nyuma. Kijana alikuwa anataka kupasua fremu ya chini aitie kwenye gunia la shaba, halafu kiwiliwili cha juu akitupe kwenye rundo la chuma. Mikono ya kusukuma magurudumu upande wa kushoto ilikuwa imeshang'oka. Tenda, lile gari la nyuma la mafuta na maji, halikuwepo kabisa.

Nilitoa shilingi 20,000 bila kubishana. Nikishika kitu cha namna hiyo uso wangu huongea bei kabla ya mdomo, na kijana ameshanijua.

Pamoja na kichwa nilipewa hadithi tatu, za bure. Kijana alisema ni mwanasesere wa mzungu, umekuja na meli kutoka Uingereza. Hajj mwenye mzani alisema umetoka kwenye nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa 1972, na ukimsikiliza utadhani alikuwepo mlangoni siku ile. Mpakiaji mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia akaapa kwamba ile ni shaba ya Kilembe, mgodi wa magharibi mwa Uganda. Nimekaa na kichwa hiki miezi kadhaa sasa, na ninachoandika hapa ni jinsi hadithi hizo zilivyopimwa moja moja, ipi ilianguka, ipi ilibaki na mguu mmoja wa kusimamia.

Ya Kilembe ndiyo niliyoitamani zaidi. Reli ilifika Kasese 1956, mgodi ukaanza kutoa mali mwaka huohuo, na shaba yake ilikuwa ikishushwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kichwa cha treni kilichotengenezwa kwa shaba iliyobebwa na treni! Lakini fremu hii ni ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na Jinja walikuwa wakitoa shaba ghafi ya kusafirishwa nje, si mabamba ya njano yaliyonyooshwa tayari. Nilipopima unene wa bamba nikapata mm 1.6, ambayo ni inchi moja ya kumi na sita, kipimo cha bamba la Kiingereza. Mpakiaji nilimwambia, akacheka, akasema basi angalau ningemwachia ile hadithi.

Ya mzungu ilianza kufa kwa sumaku. Pale uwanjani sumaku imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa mzani, na kila kinacholetwa kama shaba lazima kiguswe nayo. Fremu haikushika. Kiwiliwili kilishika kwa nguvu: bwela, chumba cha dereva, ubao wa pembeni, vyote ni bati. Nyumbani nilikigeuza chini ya taa nikachungulia ndani ya paa la chumba cha dereva, mahali ambapo rangi ya nje haikufika. Kulikuwa na maandishi ya kiwandani, ya rangi nyekundu juu ya manjano, yamekatwa katikati na mkasi: BOX, kisha nafasi, kisha NAIRO.

Hapo nilizima taa nikakaa kidogo.

Bati la paa ni kopo la mafuta ya kupikia. Aliyelikata aliligeuza ili picha iingie ndani na upande mweupe utoke nje kupakwa rangi. Kiwanda cha Uingereza hakitengenezi kichwa cha treni kwa kopo la Nairobi. Kwa hiyo kiwiliwili kilitengenezwa huku kwetu, na aliyekitengeneza alikuwa na mkono: lehemu imepita ndani ya kona kama uzi, na nje kila kiungo kimepigwa tupa mpaka ukucha haukwami.

Chini, hadithi ni nyingine. Magurudumu manane makubwa yameshikwa kwenye ekseli kwa nati ndogo zenye mfuo wa bisibisi, na ncha za ekseli ni za mraba. Hayo ni magurudumu ya Romford, ya Uingereza, na umraba ule una kazi yake: unahakikisha gurudumu la kulia na la kushoto linakaa kwa pembe sahihi ili mikono isigongane njiani. Mota nayo ni X04 ya Tri-ang, ile iliyokuwa ikiendesha treni nyingi za kuchezea zilizotoka kiwanda cha Margate tangu miaka ya 1950. Ukiijua huisahau. Kaboni zake mbili, zile zinazopeleka umeme kwenye koili, zinabanwa na springi moja yenye mikono miwili, na mkono mmoja umevalishwa kimfuko cha kuzuia umeme, kwa sababu kaboni ya upande wa pili imeungana na fremu. Hiki changu kimfuko kilikuwa kimeoza, na mtu alikuwa ameweka badala yake ganda la waya wa redio.

Basi ni chotara: moyo na miguu vimekuja kwa posta, mwili umezaliwa jikoni kwa mtu. Sasa ni mwili wa nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kisa kilipofunguka, na kilifunguka kwa kalipa ya kawaida, kile kifaa cha kupimia unene na upana. Umbali kati ya magurudumu ulinipa njia, yaani upana kati ya reli mbili, ya mm 16.5. Hiyo ndiyo njia ya treni za kuchezea za Kiingereza zinazoitwa OO, ambazo miili yake hutengenezwa kwa mm 4 kwa kila futi ya treni halisi. Ukikokotoa kwa kipimo hicho, kichwa changu kingekuwa kinatembea kwenye reli ya upana wa mm 1,257. Hakuna reli kama hiyo huku, na hata Uingereza njia yao ni mm 1,435. OO wenyewe wanajua njia yao ni nyembamba kuliko mwili, wameizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Nikapima kipenyo cha magurudumu makubwa: mm 20. Nikajiuliza vichwa vya mvuke vya kwetu vyenye magurudumu manane ya kusukuma vilikuwa na gurudumu la kipimo gani. Vile vya daraja la 29, 30 na 31 vya reli ya Afrika Mashariki vilikuwa na gurudumu la futi 4 kamili. Mm 20 kwa futi 4 ni mm 5 kwa futi. Nikachukua ileile mm 5 nikarudi kwenye njia: 16.5 gawa kwa 5 ni futi 3.3, yaani mm 1,006. Reli yetu, kutoka Mombasa mpaka Kasese, ni ya mm 1,000.

Tofauti ya mm 6 katika mita nzima. Vipimo viwili visivyojuana, kimoja cha gurudumu na kimoja cha njia, vimekubaliana. Mtu huyu hakufuata kipimo cha dukani. Alikuwa na magurudumu na mota za njia ya mm 16.5, akakaa chini akatafuta ni ukubwa gani wa mwili utakaoifanya njia hiyo iwe ya mita moja, akapata mm 5 kwa futi, tena namba nzuri kabisa kwa rula ya shule. Nimekutana na wahandisi wenye vyeti ambao wasingefikiria hivyo.

Gurudumu dogo la mbele ni jozi moja, ya nyuma ni jozi mbili. Mpangilio huo unaliondoa daraja la 29, ambalo nyuma lilikuwa na jozi moja. Yanabaki 30 na 31, na rahisi kuyatofautisha ni kwa tenda, ambayo sina. Ilibidi nitafute namba.

Na hapa nikaharibu. Nilikuwa na haraka ya kuitoa ile buluu. Nilichovya kitambaa kwenye thina nikasugua ubavu wa kushoto wa chumba cha dereva. Buluu ikayeyuka vizuri, chini yake ikatokea rangi ya damu ya mzee, ileile ya vichwa vya EAR, yaani reli ya Afrika Mashariki, na juu yake tarakimu za manjano. Niliona 3. Niliona 1. Mkono ulikuwa bado unakwenda wakati macho yanasoma, na nilipoinua kitambaa, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa ndani ya kitambaa. Sikuwa nimepiga hata picha moja. Alichokiandika mtu kwa brashi ya unywele mmoja, kikapona chini ya buluu miaka yote hiyo, nilikimaliza mimi kwa sekunde tatu kwa sababu nilitaka kuona haraka.

Nilikiweka kabatini wiki mbili. Nilikuwa na aibu nacho.

Upande wa kulia nilitumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche na kijiti cha mianzi nilichokichonga ncha bapa, nikawa natoa buluu kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, napiga picha, naendelea. Ilinichukua jioni nne. Upande huo ulikuwa umewahi kuungua, labda na chuma cha lehemu, na rangi ilikuwa imevimba. Lakini 31 ipo, tena nzima. Ya tatu imebaki mguu tu: mstari ulionyooka wa chini, mrefu kama upana wa tarakimu. Ya nne hakuna.

Daraja la 31 lilikuwa na vichwa 46, vilivyotengenezwa Uingereza na Vulcan Foundry mwaka 1955 na 1956, namba 3101 hadi 3146. Tarakimu ya tatu basi haiwezi kuwa zaidi ya 4. Sifuri na 3 zina tumbo chini, 4 inasimama kwa mguu mmoja, na 1 ya mchoraji huyu, ninayoiona palepale pembeni, ni fimbo tupu isiyo na kitako. Inabaki 2. Kichwa changu ni kimojawapo cha kumi, 3120 hadi 3129. Nusu yake nimeipata kwa kijiti cha mianzi, na nusu ya pili ningekuwa nayo bure kama si thina.

Halafu kuna dohani. Mwanzoni nilidhani imepondwa, maana si ya mviringo. Ni bapa, ndefu kutoka mbele kwenda nyuma, kama kiberiti kilichosimamishwa kwa ubavu. Nilikaribia kuinyoosha kwa koleo. Nashukuru nilikuwa nimeshaadhibiwa na thina. Nilipochungulia kwa lenzi niliona mdomo wake umepigwa tupa kwa uangalifu, kuta mbili sambamba, haujapondwa na chochote. Hiyo ni dohani ya Giesl. Aliibuni Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria: badala ya mvuke uliokwisha kazi kutoka kwa tundu moja, unatoka kwa matundu madogo yaliyopangwa mstari kama feni, unavuta moto vizuri zaidi, na mafuta yanapungua. Reli ya Afrika Mashariki ilizipenda, ikazifunga kwenye vichwa vyake vingi. Ila daraja la 31 lilipotoka kiwandani lilikuwa na dohani ya kawaida ya mviringo. Dohani za Giesl zilifungwa huku, baadaye.

Tazama maana yake. Mtu anayetengeneza kwa kufuata picha ya kiwanda ya 1955 ataweka dohani ya mviringo. Huyu aliweka bapa. Alikuwa anakitazama kichwa chenyewe, kwenye karakana au stesheni, baada ya kubadilishwa. Ile hadithi ya mwanasesere wa kutoka Uingereza nikaizika rasmi.

Mota niliijaribu Jumapili moja kwa betri ya bodaboda. X04 ni ya volti 12 na betri ya pikipiki ni ya volti 12, lakini usiiunganishe moja kwa moja mota iliyokaa miongo mingi. Ikikwama, waya wa koili unaungua kabla hujachomoa. Niliweka balbu ya breki katikati ya njia ya umeme. Mota ikikwama, balbu inawaka na inakula umeme wote. Mota ikizunguka, balbu inafifia. Mara ya kwanza balbu iliwaka kama jua. Grisi ilikuwa imekuwa gundi. Niliosha bushi kwa mafuta ya taa, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani, nikasukuma parafujo ya mota kwa kidole. Balbu ikatetemeka. Ikafifia. Magurudumu manane yakaanza kuzunguka hewani, upande mmoja na mikono yake, upande mwingine mitupu kama mtu aliyekatwa mkono. Mtoto wa jirani aliyekuwa akichungulia dirishani akauliza, "Mzee, inaenda wapi?"

Nilipokuwa nafungua mota niliona jambo ambalo mpaka leo ndilo ninalolipenda kuliko namba, kuliko hata hesabu ya mm 5. Ndani ya fremu, mahali ambapo hakuna mtu angeona mpaka avunje kila kitu, mtu alikwaruza kwa msumari: MBELE. Na upande wa pili: NYUMA. Ni alama ya fundi, ili asiirudishe fremu kinyume baada ya kuisafisha. Alipima kwa futi, akanunua magurudumu kwa barua ya Kiingereza, na alipokuwa anajiambia mwenyewe ipi ni ipi, alijiambia kwa Kiswahili. Hilo halisemi kabila lake. Kwenye reli, Mluo, Mteso, Mganda, Mgoa na Kalasinga wote waligombana na kusalimiana kwa Kiswahili. Marehemu baba yangu, aliyekuwa fayamani, aliota ndoto kwa Kiswahili na kusali kwa Lusamia.

Nilipanda taksi hadi Tororo, kwa mzee mmoja aliyemjua baba, aliyekuwa mkereza vyuma. Kosa la pili la kisa hiki: nilikitoa kichwa kwenye mfuko kabla ya kumuuliza lolote. Ukimwonyesha shahidi kitu kwanza, hujui tena kama anakumbuka au anasoma. Mzee alikigusa dohani kwa kidole gumba, akatabasamu.

"Hii ilikuwa haikohoi," akasema. "Zile za zamani zilikohoa. Hii ilikuwa inanong'ona tu."

"Mzee, ulimjua mtu aliyekuwa anatengeneza hizi?"

"Alikuwepo mmoja. Mkenya. Alikaa kota za reli. Mabati ya stoo yalikuwa yanahesabiwa, kijana wangu, huwezi kuchukua hata kipande. Yule alikuwa anaokota makopo ya mafuta ya kupikia kwa akina mama, anayafungua, anayanyoosha kwa chupa."

Nilimtazama. Kichwa kilikuwa kimekaa wima mezani, paa juu. Hakuwa amekigeuza. Hakuwa na njia ya kuona yale maandishi.

Aliendelea kusema kwamba mtu huyo aliondoka 1970, serikali ya Obote ilipowatimua wafanyakazi wa Kenya, na kwamba watu waliondoka na sanduku moja, vingine vikabaki kwenye kota kwa waliohamia. Mengi ya hayo nayachukulia kwa tahadhari, kwa sababu ya kosa langu. La makopo ninalichukua zima.

Na Hajj wa mzani na 1972 yake? Sikumtupa. Buluu imepakwa juu ya mikwaruzo na juu ya kona zilizokwishapondeka, na ndani yake kuna mchanga, maana yake wakati inapakwa kichwa kilikuwa kimeshaburutwa chini na mtoto. Kilikuwa na nyumba ya pili. Inawezekana kabisa nyumba hiyo ndiyo aliyoisikia Hajj, na mwenye nyumba akawa ni yule aliyeondoka ndani ya siku 90 za Amin. Ushahidi wangu hauifungi njia hiyo, wala hauifungui.

Mikono ya kushoto imechongwa upya na fundi wa Katwe kwa kufuata ya kulia, nami nimeiacha bila rangi ili atakayekishika baada yangu ajue ni ya leo. Buluu ya upande wa kushoto iliyobaki sijaigusa. Thina nimempa jirani.

Tenda ndiyo inayonisumbua. Inaweza kuwa ilishapondwa zamani, inaweza kuwa iko chini ya gunia fulani, bado ina tarakimu. Nimekata kadibodi ya umbo lake, urefu na kimo kwa mm 5 kwa futi, nakala tatu, nikaziacha kwa wenye mizani watatu pale Kisenyi. Kijana wa nyundo ameitundika yake kwenye kamba ileile ya sumaku.